Kuzima Jeni Bila Kuua Seli: Jinsi ya Kuchagua Kitendanishi cha siRNA

Ukianza kazi ya kuzima jeni katika seli za saratani, swali la kwanza litakalokukabili ni kitendanishi gani ununue. Utamwuliza mwenzako wa maabara ya jirani, naye atakutajia kile anachokitumia yeye. Jibu lake litakuwa la kweli, lakini la seli zake. Kitendanishi kinachofanya kazi nzuri kwenye HeLa kinaweza kisifanye lolote kwenye seli za limfoma, na kile kinachopokelewa bila shida na MCF-7 kinaweza kuziumiza A549 kabla hujaanza kupima chochote. Mwongozo huu unakusudia kukuwezesha kulinganisha vitendanishi wewe mwenyewe, kwa seli ulizo nazo, kwa gharama unayoimudu, na upate matokeo utakayoweza kuyatetea mbele ya msimamizi wako na mbele ya mhakiki wa makala.

Katika utafiti wa saratani jambo hili lina uzito wa pekee. Mara nyingi tunazima jeni ili tujue kama seli ya uvimbe inaitegemea: ikizimwa, je, seli itaacha kugawanyika, itakufa, itashindwa kuhama? Sasa tuseme kitendanishi chenyewe kinaziumiza seli. Seli iliyokwisha kujeruhiwa hufa kwa kusukumwa kidogo tu. Utazima jeni ambayo seli ingeweza kuishi bila hiyo, seli zitakufa, nawe utaandika kwamba umepata shabaha mpya ya dawa. Mwingine akilirudia jaribio lako kwa kitendanishi tofauti hatapata kitu. Ndiyo maana nashikilia jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mwongozo huu: usikipime kitendanishi kwa uwezo wake wa kuzima jeni peke yake. Pima kuzima na kudhuru kwa pamoja, katika sahani moja, siku moja.

Kinachotokea ndani ya kisima

Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans, kwamba RNA yenye nyuzi mbili huzima jeni yenye mfuatano unaolingana nayo. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Katika seli za mamalia, RNA ndefu ya namna hiyo huamsha kinga dhidi ya virusi na kuivuruga seli nzima. Njia ilifunguka mwaka 2001, kundi la Thomas Tuschl huko Ujerumani lilipoonyesha kwamba vipande vifupi vya nyukleotidi 21 vinaweza kuzima jeni iliyokusudiwa bila kuzusha vurugu hiyo. Vipande hivyo ndivyo siRNA.

siRNA haivuki utando wa seli peke yake, kwa kuwa imejaa chaji hasi, na uso wa seli nao una chaji hasi. Kitendanishi ni lipidi au polima yenye chaji chanya. Huikumbatia siRNA, huifikisha kwenye utando, na seli huimeza yote ndani ya kifuko kiitwacho endosomu. Hapo ndipo penye mtihani. Sehemu kubwa ya siRNA hubaki katika endosomu hadi ivunjwevunjwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia siRNA iliyobebwa na chembe ndogo za lipidi, ulikadiria kwamba asilimia 1 hadi 2 tu ndiyo inayotoroka na kufika kwenye saitoplazimu. Huko ndiko iliko RISC, mashine ya protini inayoishika siRNA na kuikata RNA mjumbe ya jeni iliyolengwa.

Kwa hiyo kitendanishi kina kazi mbili, kuingiza na kutorosha, na ya pili ndiyo ngumu. Kumbuka hilo utakapoonyeshwa picha ya seli zinazong'aa kwa siRNA iliyotiwa rangi. Picha hiyo inakuambia kwamba siRNA imeshikamana na seli au imemezwa. Haikuambii kama imetoka kwenye endosomu. Unaweza kupata kisima ambacho karibu kila seli inang'aa na jeni bado inafanya kazi kama kawaida. Siwashauri wanaoanza wanunue siRNA ya rangi kwa ajili ya kulinganisha. Fedha hiyo itafaa zaidi kwenye kidhibiti kizuri.

Kabla ya kulipia chupa

Sokoni kuna vitendanishi vilivyotengenezwa mahususi kwa siRNA, kama vile Lipofectamine RNAiMAX, HiPerFect, INTERFERin, na DharmaFECT ambayo ina fomula 4 tofauti kwa sababu watengenezaji wenyewe wanajua kwamba seli hazifanani. Kuna pia Lipofectamine 2000, ambayo maabara nyingi tayari zinayo kwenye friji kwa ajili ya kuingiza plasmidi. Inaweza kuingiza siRNA, na kama umeirithi hakuna ubaya wa kuiingiza kwenye mashindano, ila itazame kwa makini upande wa madhara, kwa kuwa seli nyingi huivumilia kwa shida kuliko vile vilivyoundwa kwa siRNA.

Wapo watakaokushauri utumie polietilenimini, yaani PEI, kwa sababu ni rahisi mno kwa bei. Kwa plasmidi ushauri huo ni mzuri. Kwa siRNA sivyo. Plasmidi ni ndefu na hujikunja, ikashikwa na polima katika maelfu ya sehemu. siRNA ni fupi na ngumu, ina chaji chache za kushikwa nazo, na fungu linalotengenezwa na PEI ya kawaida hulegea au hushindwa kuifikisha mahali pake. Utaokoa shilingi kwenye kitendanishi na kuzipoteza kwenye siRNA, ambayo ndiyo ghali.

Unapolinganisha bei, usitazame bei ya chupa. Tazama bei ya kisima. Chupa ya mililita 1 itatosha visima 1,000 ikiwa kila kisima kinataka mikrolita 1, na visima 333 ikiwa kinataka 3. Ongeza na gharama ya siRNA: kitendanishi kinachozima jeni vizuri kwa nanomola 5 kinaweza kuwa nafuu kuliko kile cha bei ya chini kinachodai nanomola 50, maana kwenye siRNA utatumia mara 10 zaidi. Kabla ya kununua omba sampuli. Mawakala wengi wana chupa ndogo za majaribio, na mwanafunzi anayeandika barua ya heshima akieleza mpango wake mara nyingi husikilizwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la safari. Vitendanishi vingi vya lipidi huhifadhiwa kwenye nyuzi 4 na havitakiwi kuganda, kwa sababu kuganda huvuruga mpangilio wa lipidi. Mzigo ukikaa siku kadhaa uwanja wa ndege ukisubiri karatasi, barafu ikayeyuka na chupa zikapata joto, hutajua tena unalinganisha nini na nini. Panga nyaraka za forodha kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka, na ukiupokea andika hali uliyoukuta nayo. Ndani ya friji usiziweke chupa karibu na ukuta wa nyuma, ambako friji nyingi za kawaida hugandisha vitu. siRNA yenyewe ina uvumilivu zaidi: husafirishwa ikiwa imekaushwa, na ukishaiyeyusha kwenye bafa isiyo na vimeng'enya vya kuvunja RNA, igawe katika vichupa vidogo na uiweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kugandisha na kuyeyusha kichupa kimoja mara nyingi ni uharibifu usio wa lazima.

Halafu zipo seli zenyewe. Zipime mikoplazma kabla ya yote. Ni bakteria wadogo wasioonekana kwa hadubini ya kawaida ya maabara, hawaichafui midia ikabadilika rangi, na wanabadilisha jinsi seli inavyokua na inavyopokea siRNA. Kipimo cha PCR kinatosha. Hakikisha pia nasaba ya seli ni ile iliyoandikwa kwenye chupa, kwa kupima alama za DNA zijulikanazo kama STR. Nasaba ya KB, iliyotumika miaka mingi kama saratani ya kinywa, ilikuja kugundulika kuwa ni HeLa, na haikuwa peke yake. Kulinganisha vitendanishi kwenye seli usizozijua ni kazi bure.

Sahani ya kwanza ni ya macho

Jaribio la kwanza halihitaji qPCR. Linahitaji hadubini ya kawaida, sahani ya visima 24, na siRNA inayolenga jeni ambayo ikizimwa seli hubadilika sura waziwazi. Ninayoipenda ni KIF11. Jeni hii hutengeneza protini ya mota inayozitenganisha ncha mbili za uzi wa mgawanyiko. Ikikosekana, seli inayogawanyika hukwama katikati ya mitosisi, ikawa duara na kung'aa kama shanga. Baada ya saa 24 hadi 48, kisima ambacho siRNA imefanya kazi utakitambua bila kuambiwa. PLK1 nayo hufaa kwa njia hiyohiyo. Kwa seli zinazogawanyika polepole ngoja zaidi, kwa sababu seli isiyofika kwenye mitosisi haina pa kukwamia.

Siku moja kabla, panda seli ili kesho yake ziwe zimefunika asilimia 30 hadi 50 ya sakafu ya kisima. Kwa HeLa, seli 40,000 hadi 50,000 kwa kisima ni mwanzo mzuri. MCF-7 hukua kwa visiwa na polepole zaidi, hivyo ziongeze. Aliyezoea plasmidi huona sakafu tupu namna hii akaingiwa na wasiwasi, maana kwa plasmidi tunataka seli zimebanana. Kwa siRNA unahitaji nafasi: seli zitaendelea kukua siku 2 au 3 kabla hujapima, na zikibanana mapema zitabadilisha tabia zao kwa sababu isiyohusiana na jeni yako. Midia ya siku hiyo isiwe na antibiotiki. Lipidi zenye chaji chanya huufanya utando upitishe vitu kirahisi, na penisilini au streptomaisini ikiingia kwa wingi itaziua seli, lawama ikaangukia kitendanishi.

Hesabu ya siRNA ndiyo inayowakwaza wengi, kwa hiyo tuifanye pamoja. Kisima kina mikrolita 500 za midia, nawe utaongeza mikrolita 100 za mchanganyiko, jumla 600. Ukitaka ukolezi wa mwisho uwe nanomola 10, unahitaji pikomoli 6 za siRNA. Akiba yako ya mikromola 20 ina pikomoli 20 katika kila mikrolita, kwa hiyo ungelazimika kuchukua mikrolita 0.3, na hakuna pipeti ya kuaminika kwa kiasi hicho. Punguza akiba hadi mikromola 1 kwanza, kisha uchukue mikrolita 6. Hatua hiyo ndogo inaondoa tofauti nyingi kati ya kisima na kisima ambazo watu huzihesabu kama tofauti za vitendanishi.

Mchanganyiko hutengenezwa katika midia isiyo na seramu, kwa kawaida Opti-MEM, kwa sababu protini za seramu zina chaji hasi na zitashindana na siRNA kushika lipidi. Kuanzia hapo fuata karatasi ya kila mtengenezaji na usivilazimishe vitendanishi vyote kupita njia moja. RNAiMAX na DharmaFECT hupunguzwa kwanza kwenye kichupa cha pembeni, ndipo huunganishwa na siRNA. HiPerFect na INTERFERin huongezwa moja kwa moja kwenye siRNA iliyokwisha kupunguzwa. Muda wa kusubiri nao hutofautiana: vingine vinataka dakika 5 hadi 10, DharmaFECT inataka 20. Ukiuacha mchanganyiko ukae mno, mafungu hukua makubwa na kuzidhuru seli. Panga mpangilio wa kazi yako kwa saa ya ukutani kabla hujagusa pipeti.

Hapa nataka uelewe vizuri maana ya kulinganisha kwa haki. Si haki kutumia mikrolita 1 ya kila kitendanishi na kutangaza mshindi, kwa kuwa kiasi cha lipidi ndani ya mikrolita moja hakifanani kutoka chupa hadi chupa. Haki ni kukipa kila kimoja nafasi ya kuonyesha uwezo wake: nusu ya ujazo anaoupendekeza mtengenezaji, ujazo wenyewe, na ujazo huo mara moja na nusu. Kinachobaki bila kubadilika ni ukolezi wa siRNA, idadi ya seli na muda.

Kwa kila ujazo unahitaji visima 3. Kimoja kipate siRNA ya KIF11, kingine siRNA isiyo na shabaha, yaani ile ambayo mfuatano wake haulingani na jeni yoyote ya binadamu, na cha tatu kipate kitendanishi kitupu. Kitendanishi kimoja kitakuwa kimechukua visima 9, viwili vitachukua 18. Visima 6 vinavyobaki katika sahani viwe 3 vya seli zisizoguswa na 3 vya siRNA ya KIF11 bila kitendanishi chochote. Hivi vya mwisho watu huviacha kwa kuona ni upotevu. Usiviache: ndivyo vinavyothibitisha kwamba mabadiliko unayoyaona yameletwa na kitendanishi kufanya kazi yake. Changanya nafasi za visima katika sahani, usikipe kitendanishi kimoja safu yote ya pembeni, kwani visima vya pembeni hukauka haraka, hasa inkubeta ikiwa na maji machache kwenye trei yake.

Kesho yake tazama kwanza visima vya siRNA isiyo na shabaha, kabla ya vile vya KIF11. Je, seli zimetandaa sawa na zile zisizoguswa? Kuna vijishimo vingi ndani ya saitoplazimu, kuna zinazoelea? Kama zimeharibika hapo, usisisimke na kilichotokea kwenye KIF11. Kisha tazama KIF11 na ukadirie ni sehemu gani ya seli imekuwa duara. Piga picha kila kisima kwa mwanga uleule na ukuzaji uleule. Baada ya sahani hii kwa kawaida vitendanishi 1 au 2 vitajitoa vyenyewe, na kwa kila kilichobaki utajua ni ujazo gani wa kuendelea nao.

Sahani ya pili ni ya namba

Sasa pima kwa namba, lakini usiipime KIF11. Seli zilizokwama kwenye mitosisi zinafanya jeni nyingi za mgawanyiko zipande, KIF11 yenyewe ikiwa miongoni mwake, na hesabu yako itapotoka. Tumia jeni ambayo ikizimwa kwa siku chache seli haijali. PPIB, inayotengeneza saiklofilini B, na LMNA ya lamini A/C, zote mbili zinafaa. GAPDH hutumika pia, mradi usije ukaitumia hiyohiyo kama jeni ya rejea kwenye qPCR. Jambo hilo linaonekana dogo hadi litokee.

Toa RNA baada ya saa 24 hadi 48. Ukitaka kuona protini kwa westan bloti, ngoja saa 48 hadi 72 au zaidi, kwa sababu siRNA inakata RNA mjumbe tu. Protini zilizokuwapo tayari zitaondoka kwa kasi yake zenyewe, na nyingine huishi siku kadhaa. Mtu anayepima protini ya maisha marefu saa 24 baada ya kazi atakihukumu kitendanishi kizuri kwa kosa lisilo lake.

Hesabu ya qPCR iende hivi. Tuseme kwenye siRNA isiyo na shabaha PPIB imetokea kwenye mzunguko wa 22 na jeni ya rejea kwenye wa 18. Tofauti ni 4. Kwenye siRNA ya PPIB, imetokea kwenye wa 25 na rejea kwenye wa 18; tofauti ni 7. Toa 4 kwenye 7, unapata 3. Mbili kwa kipeo cha 3 ni 8, kwa hiyo imebaki sehemu 1 ya 8, yaani asilimia 12.5, na umezima asilimia 87.5. Angalia kwamba tumelinganisha na siRNA isiyo na shabaha iliyoingizwa kwa kitendanishi kilekile. Ukilinganisha na seli zisizoguswa, athari za lipidi kwenye seli zitaingia katika hesabu ya kuzima, na kitendanishi chenye madhara zaidi kitaonekana hodari zaidi.

Madhara yapime kwa visima vingine vya siku hiyohiyo. MTT ni rahisi na inapatikana, ila inapima shughuli za ndani ya seli, si idadi yake, na seli zilizokufa zikang'oka huondoka na midia bila kuhesabiwa. Ningependa uambatanishe kuhesabu kwa bluu ya trypan, ukikusanya zinazoelea pamoja na zilizoshika sakafu. Kulinganisha hapa ni kati ya siRNA isiyo na shabaha na seli zisizoguswa. Kitendanishi kitupu si kipimo cha mwisho cha madhara, kwa sababu lipidi isiyobeba siRNA ina chaji isiyotulizwa na inaweza kuziumiza seli kwa namna tofauti na ile inayobeba. Kazi yake ni kukusaidia kujua tatizo limetoka wapi.

Rudia jaribio lote mara 3, kwa siku tofauti, kwa seli za pasaji tofauti. Visima 3 vya siku moja vinakuonyesha uthabiti wa mkono wako na pipeti. Havikuonyeshi kama kitendanishi kitafanya vilevile wiki ijayo, na hilo ndilo unalolihitaji.

Kuamua

Wengine hujumlisha alama za kuzima na za usalama wakapata alama moja. Mimi sikubaliani na njia hiyo, kwa kuwa inaruhusu kuzima kwa nguvu kulipie vifo vya seli. Weka mpaka kwanza. Mpaka wangu ni huu: ikiwa seli zilizopata siRNA isiyo na shabaha zimebaki hai chini ya asilimia 80 ya zisizoguswa, kitendanishi kwa ujazo huo kimetoka, hata kama kimezima jeni yote. Kwa kazi ya kupima vifo vya seli ningeupandisha hadi 90. Kati ya vilivyobaki chagua kinachozima zaidi. Viwili vikikaribiana, chukua kile ambacho matokeo ya siku zake 3 hayakuyumba, na baada ya hapo ndipo bei iingie.

Kisha shusha siRNA. Kwa kitendanishi ulichokichagua jaribu nanomola 10, 5 na 1, na utumie kiasi kidogo kabisa ambacho bado kinazima unavyotaka. Hii si hesabu ya fedha tu. Nyukleotidi za 2 hadi 8 za uzi elekezi wa siRNA zinaweza kulingana na RNA nyingine nyingi na kuzipunguza nazo, na athari hii huongezeka kadiri ukolezi unavyopanda. Kitendanishi kinachokulazimisha kuvuka nanomola 50 kwenye seli za kawaida zilizoshika sakafu nisingekitumia, tafuta kingine. Utakapofika kwenye jeni yako halisi tumia angalau siRNA 2 zenye mifuatano tofauti zinazolenga jeni hiyohiyo, na uamini tu matokeo yanayoletwa na zote. Inafaa pia kupima IFIT1 au OAS1 kwenye RNA uliyokwisha kuitoa: zikipanda, seli yako inadhani imevamiwa na virusi, na kila unachokiona kuhusu ukuaji kina mashaka.

Andika namba ya toleo la kila chupa. Ukifungua toleo jipya, rudia visima vichache vya KIF11 na siRNA isiyo na shabaha kabla ya kulitumia kwenye kazi kubwa.

Seli zinazoelea

Nimeacha hadi sasa kundi ambalo kwa kanda yetu lina umuhimu mkubwa. Limfoma ya Burkitt ilielezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, na mwaka 1964 ni katika seli zilizooteshwa London kutokana na vivimbe vilivyotoka Kampala ndipo virusi vya Epstein-Barr vilipoonekana kwa mara ya kwanza. Nasaba ya Daudi, inayotumika leo katika maabara za dunia nzima, ilianzishwa mwaka 1967 kutokana na uvimbe wa kijana Mkenya. Raji ilitangulia mwaka 1963, kutoka kwa mtoto wa Nigeria. Ukifanya kazi ya saratani za Afrika Mashariki una kila sababu ya kuzitaka seli hizi, na ni hizihizi ambazo vitendanishi vya lipidi hushindwa nazo.

Seli za Daudi na Raji hazishiki sakafu. Mafungu ya lipidi yanayotua chini ya kisima hayakutani nazo ipasavyo, na limfosaiti B kwa asili yake humeza kidogo. Unaweza kuzijaribu kwenye sahani ya kwanza kwa udadisi, lakini usitumie bajeti yako ya mwaka ukiongeza ujazo wa lipidi kwa matumaini. Utaua seli kabla hujazima jeni.

Njia iliyo bora hapa ni elektroporesheni: mpigo mfupi wa umeme unafungua vitundu kwenye utando na siRNA inaingia moja kwa moja kwenye saitoplazimu, bila kupitia endosomu. Mashine kama Neon na Nucleofector zinafanya hivyo, na huenda taasisi ya utafiti katika kanda hii ikawa na kifaa cha elektroporesheni ambacho mtafiti mgeni anaweza kuomba kukitumia. Uliza kabla ya kununua, na uliza pia kuhusu gharama ya vimiminika na vikombe vyake, maana hapo ndipo fedha inapokwenda. Njia nyingine ni siRNA zilizobadilishwa kikemia ili ziingie zenyewe bila kitendanishi, kama Accell, ambazo hutumika kwa mikromola 1 katika midia yenye seramu kidogo sana. Zinadai siRNA nyingi na si kila seli huvumilia njaa ya seramu, kwa hiyo ukolezi huo usiulinganishe na nanomola za lipidi.

Kanuni ya kulinganisha inabaki ileile, ila kidhibiti kimoja kinabadilika. Mpigo wa umeme huua sehemu ya seli papo hapo, na zilizosalia huhitaji muda wa kutengemaa. Hesabu seli hai saa 24 baada ya mpigo, na usawazishe idadi yake katika visima vyote kabla hujaanza kufuatilia ukuaji. Seli za siRNA yako zilinganishwe na seli zilizopigwa mpigo uleule zikiwa na siRNA isiyo na shabaha. Zile ambazo hazikupigwa kabisa ziweke kwenye jedwali kwa ajili ya kuonyesha gharama ya mpigo wenyewe.